Namna ya kufikisha hoja ya kijiji kwa mbunge na kuifuatilia mpaka ipate jibu

Katika miaka niliyofanya kazi ya kupokea wageni na barua katika ofisi ya mbunge wa jimbo la vijijini, niliona jambo moja likijirudia kila msimu wa mikutano ya hadhara. Mzee mmoja anasimama, anavua kofia, anaeleza kwa uchungu kwamba zahanati ya kijiji haijaisha na kwamba wajawazito wanapakiwa kwenye pikipiki usiku kupelekwa kata ya jirani. Watu wanapiga makofi. Mheshimiwa anajibu kwamba amelichukua, msaidizi wake analiandika katika daftari, mkutano unafungwa na gari linaondoka. Mwaka unaofuata mzee yuleyule anasimama na kusema maneno yaleyale. Simlaumu mzee, wala sisemi kwamba kila kiongozi anaahidi huku akijua hatatimiza. Hoja ile ilikwama kwa sababu ilisemwa tu. Haikuwa imeandikwa mahali ambapo ofisi ya serikali inalazimika kuisoma na kuijibu.

Mwongozo huu ni kwa wananchi wa Tanzania Bara, hasa wa vijijini, ambao wana jambo la huduma za umma na wanataka mbunge wao alishike kwa mkono wenye nguvu. Wanaoishi mijini watabadilisha kijiji kuwa mtaa na watendaji wake, lakini mwendo wa jambo ni uleule. Zanzibar ina sheria zake za serikali za mitaa, kwa hiyo sizigusi hapa.

Kabla ya hatua zenyewe, ni vizuri tuelewane mbunge ana uwezo gani, kwa maana watu wengi wanamwomba asichokuwa nacho na kusahau kumwomba alichonacho. Mbunge hana fungu la kujenga zahanati wala la kuchimba visima. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na miongoni mwa njia za kufanya hivyo ni kumuuliza waziri yeyote swali lolote linalohusu mambo ya umma na kujadili utekelezaji wa kila wizara katika mkutano wa bajeti. Akirudi jimboni, mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la halmashauri yake, na ni mwenyekiti wa kamati inayogawa fedha za Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Kwa hiyo ana milango mitatu: Bunge, Baraza na Mfuko. Barua nzuri ni ile inayotaja mlango unaotakiwa kufunguliwa.

Hatua ya kwanza: Mjue mwenye jambo

Kosa la kwanza, na ndilo linalopoteza muda mwingi kuliko mengine, ni kupeleka jambo kwa ofisi isiyolimiliki. Nakumbuka kijiji kimoja kilichoandika barua tatu kwa wakala wa barabara za vijijini kuhusu daraja lililosombwa na mvua, na kwa miezi saba hakikupata jibu lolote la maana. Baadaye ilibainika kwamba barabara ile ilikuwa imepandishwa hadhi kuwa ya mkoa, na mwenye daraja alikuwa wakala mwingine kabisa mwenye ofisi katika mji mwingine. Hakuna aliyewaambia, na mvua za pili zikaja.

Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Ukiwa na shaka, muulize diwani au nenda ofisi ya TARURA ya wilaya ukaulize barabara yenu imesajiliwa kwa nani. Swali hilo linajibiwa kwa siku moja.

Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala ulioundwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 na kuanza kazi Julai mwaka huohuo. Hata hivyo, mradi ukishakabidhiwa, anayeuendesha kila siku ni chombo cha watumia maji cha ngazi ya jamii, yaani wale wanaokusanya fedha za ndoo pale kwenye kituo. Bomba likipasuka, anza kwao. Wakishindwa, nenda kwa meneja wa RUWASA wa wilaya. Ni jambo la aibu kumsimamisha mbunge barabarani kwa ajili ya koki ambayo chombo cha watumia maji kina fedha ya kuinunua, na nimeona ikitokea zaidi ya mara moja.

Zahanati, vituo vya afya, shule za msingi na za sekondari za serikali ziko chini ya halmashauri, na wakuu wa mambo hayo ni Mganga Mkuu, Afisa Elimu wa Awali na Msingi na Afisa Elimu wa Sekondari wa halmashauri. Umeme ni wa TANESCO, na kusambaza umeme vijijini ni kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Vitambulisho vya taifa ni vya NIDA, na vyeti vya kuzaliwa ni vya RITA. Kesi iliyoko mahakamani si ya mbunge kamwe. Atakayekuahidi kwamba mheshimiwa atampigia simu hakimu anakupotosha.

Hatua ya pili: Liingizeni katika muhtasari wa kijiji

Hapa ndipo penye uti wa mgongo wa mambo yote, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na ndicho chombo cha juu cha maamuzi katika kijiji. Unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inatekeleza yale yaliyoazimiwa, na Afisa Mtendaji wa Kijiji ndiye katibu anayeandika. Azimio la mkutano huo, likiwa limeandikwa na kupigwa mhuri, linabeba uzito ambao maneno ya mtu mmoja mkutanoni hayawezi kuubeba, hata awe msemaji hodari namna gani.

Anza kwenye kitongoji. Mweleze mwenyekiti wa kitongoji ili jambo liingie katika kikao cha Halmashauri ya Kijiji, na ikiwezekana lipitie kwanza kwa kamati ya huduma za jamii, kwa sababu kamati ndiyo yenye nafasi ya kulichambua kwa utulivu. Kutoka hapo litapangwa kuwa agenda ya Mkutano Mkuu. Kama mikutano haiitishwi, mwandikieni Afisa Mtendaji wa Kata kwa maandishi mkitaja tarehe ya mkutano wa mwisho. Asipochukua hatua, nakala iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri.

Muhtasari wenyewe uandikwe kwa ukamilifu. Nimesoma mihtasari mingi iliyosema "wananchi walilalamikia zahanati na mwenyekiti aliwataka wawe na subira", na sentensi ya namna hiyo haimsaidii mtu yeyote, kwa sababu haina azimio, haina kipimo na haisemi nani afanye nini. Linganisha na hii: "Agenda Na. 4. Mkutano uliazimia kwamba boma la zahanati lililofikia usawa wa lenta liombewe fedha za kupaua na kumalizia. Kwamba kijiji kitachangia mchanga na maji ya ujenzi kwa msaragambo. Na kwamba Afisa Mtendaji awasilishe ombi hili katika kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata." Idadi ya waliohudhuria iandikwe, wanawake na wanaume. Orodha ya mahudhurio yenye saini iambatanishwe. Mwenyekiti na Mtendaji watie saini, mhuri upigwe, na nakala moja ibaki katika jalada la kijiji kabla ya nakala nyingine kwenda kokote.

Hatua ya tatu: Pimeni, hesabuni, pigeni picha

Ombi lisilo na vipimo linamlazimu mtaalamu wa halmashauri asafiri kuja kuangalia, na safari hiyo inasubiri gari, na gari linasubiri mafuta. Ombi lenye vipimo linaweza kujadiliwa siku linapofika mezani.

Mwaka mmoja nilifuatana na wajumbe wa kamati ya ujenzi kwenda kuliona boma la zahanati ambalo lilikuwa limeombewa msaada kwa mdomo kwa muda mrefu. Mibarika ilikuwa imeota ndani ya chumba ambacho kingekuwa cha kujifungulia, ikapanda mpaka juu ya lenta. Kwenye kona kulikuwa na mifuko tisa ya saruji iliyoganda kuwa mawe, karatasi zake zimeoza na kubaki na alama ya mfuko tu. Mama mmoja, mjumbe wa kamati, akaweka mkono juu ya mfuko mmoja, akasema fedha za mahindi ya kitongoji chao ziko humo ndani. Tukampa fundi futi, akapima urefu na upana, akahesabu milango na madirisha, akatuandikia mbao za kupaulia, bati na geji yake, kofia, misumari na saruji ya lipu na sakafu. Karatasi ile ya fundi, ya ukurasa mmoja na nusu, ndiyo iliyofanya ombi lililokaa miaka likajadiliwa katika kikao kimoja. Ilikuwa inasema kitu ambacho Afisa Mipango angeweza kukijumlisha.

Kwa upande wa maji, kipimo kiliwekwa na Sera ya Maji ya mwaka 2002: huduma iwe ndani ya mita 400 kutoka kwenye makazi, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Hesabuni kaya za kitongoji, pimeni umbali kutoka nyumba ya mbali hadi kituo cha karibu, andikeni vituo vingapi vinatoa maji na vingapi vimekufa. Mkisema "tuna shida ya maji", kila kijiji kinasema hivyo. Mkisema kitongoji chenye watu 900 kina kituo kimoja kilichoko umbali wa kilomita mbili, mmeionyesha Serikali pengo kati ya sera yake yenyewe na hali ilivyo.

Kwa shule, hesabuni wanafunzi kwa kila chumba na matundu ya choo. Kwa barabara, pigeni picha mahali pabaya wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi ambapo kila kitu kinaonekana kinapitika, na muandike gari la mwisho kukwama lilikwama lini.

Hatua ya nne: Pitisheni kwenye kata, kwa kuzingatia kalenda

Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani, na Afisa Mtendaji wa Kata ndiye katibu. Wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Hapo ombi lenu litapambanishwa na maombi ya vijiji vingine, na ni haki liwe hivyo. Kijiji kilichoandaa vipimo kina nafasi kubwa zaidi. Muhtasari wa kata ndio unaolibeba jambo kwenda kwenye kamati za halmashauri na hatimaye kwenye Baraza la Madiwani, ambako mbunge naye ana kiti.

Jambo la kalenda linapuuzwa mno. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Bunge linakaa Dodoma kujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, na kufikia wakati huo mipango ya halmashauri imekwishafungwa miezi kadhaa nyuma. Ombi linalofika Mei, hata liwe zuri kiasi gani, limelikosa basi la mwaka unaokuja. Kwa hiyo panga hivi: mkutano wa kijiji ufanyike ifikapo Septemba, kata ilijadili Oktoba au Novemba, na halmashauri iwe nalo mkononi inapoanza kuandaa mpango na bajeti. Ukimwandikia mbunge wakati huohuo, atakuwa na cha kusemea katika Baraza kabla ya milango kufungwa.

Hatua ya tano: Mwandikieni mbunge

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Juu kulia iandikwe anwani ya kijiji na tarehe, kushoto iandikwe Kumb. Na. ili iweze kutajwa katika majibu. Iende kwa Mheshimiwa Mbunge wa Jimbo, na nakala ziende kwa Diwani wa Kata na Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri. Nakala hizo zina kazi yake: zinamfanya kila mmoja ajue kwamba mwenzake anajua.

Mfano wa maneno yenyewe ni huu:

"YAH: OMBI LA KUKAMILISHA BOMA LA ZAHANATI YA KIJIJI

Mheshimiwa Mbunge, tafadhali rejea mada tajwa hapo juu. Mkutano Mkuu wa Kijiji uliofanyika tarehe iliyoonyeshwa katika muhtasari ulioambatanishwa uliazimia kuomba fedha za kukamilisha boma la zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi hadi usawa wa lenta. Makadirio ya fundi na picha vimeambatanishwa. Kamati ya Maendeleo ya Kata imeliweka ombi hili katika vipaumbele vyake. Tunaomba mambo mawili: kwanza, uliwasilishe katika kamati ya Mfuko wa Jimbo kwa ajili ya bati na mbao, pili, uiulize Serikali bungeni ni lini itatoa fedha za kumalizia jengo na kuleta watumishi."

Angalia namna ombi la pili linavyotaja swali lenyewe. Mbunge anayepewa swali lililokamilika, lenye jina la kijiji na takwimu zake, hahitaji kumtuma mtu akusanye habari upya.

Barua ipelekwe kwa mkono na wawili, si mmoja. Pelekeni nakala ya ziada, na msiondoke kabla haijagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mimi nilikuwa napiga mhuri huo kila siku, na naweza kusema kwa uhakika kwamba barua yenye nakala iliyogongwa mhuri mikononi mwa wananchi haipotei kirahisi.

Kuhusu Mfuko wa Jimbo, ieleweke kwamba fedha zake zinatokana na Sheria Na. 16 ya mwaka 2009, ni fedha za umma, na si za mfukoni mwa mbunge. Mgawo wa kila jimbo unazingatia mambo kama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Kamati yake inaongozwa na mbunge na katibu wake ni Afisa Mipango wa halmashauri. Miradi inayofikiriwa ni ile iliyoibuliwa na jamii, na ndiyo maana muhtasari wa kijiji ni lazima. Mfuko huu ni wa kuchochea. Hautoshi kujenga jengo zima katika kila kijiji cha jimbo, lakini unafaa sana kwa bati za darasa moja, pampu ya kisima au kalavati. Kijiji kinachoomba bati mia moja kwa jengo lililosimama kina hoja iliyo nyepesi kukubalika kuliko kinachoomba kituo kizima cha afya mahali penye kichaka.

Kuna maombi ambayo hayapiti njia hii. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, inaombwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba yake na akaunti ya benki. Mbunge hagawi mikopo hiyo, na mtu anayedai ada ili "aipeleke kwa mheshimiwa" aripotiwe TAKUKURU kwa namba 113, ambayo haitozwi gharama.

Hatua ya sita: Someni jibu kwa makini

Swali la mbunge likishapangwa, linajibiwa na waziri au naibu wake katika kipindi cha maswali asubuhi, na mbunge anapata nafasi ya maswali ya nyongeza. Maneno yote yanaingia katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo wengi tunaziita Hansadi, na zinapatikana katika tovuti ya Bunge. Mwombeni katibu wa mbunge tarehe ya kikao, kisha kijana mmoja mwenye simu azitafute na kuzichapisha.

Jibu linasomwa kwa kalamu mkononi. Tafuteni mambo matatu: mwaka wa fedha, kiasi, na jina la kijiji au halmashauri. Jibu linalosema kwamba Serikali "itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana" halijaahidi kitu, na mbunge aelezwe hivyo kwa heshima ili arudi na swali la nyongeza au amwone waziri. Jibu linalotaja mwaka wa fedha na kiasi ni ahadi inayoweza kudaiwa. Kwa miaka kadhaa, kwa mfano, kiasi kilichokuwa kikitolewa kumalizia boma la zahanati kilikuwa shilingi milioni 50, na kwa chumba cha darasa shilingi milioni 12.5, kijiji kilichosikia kiasi hicho kikitajwa bungeni kilikuwa na haki ya kwenda kwa Mkurugenzi kuuliza kama fungu lao limo katika orodha.

Jibu hilo lisomwe neno kwa neno katika Mkutano Mkuu wa Kijiji unaofuata na liingie katika muhtasari. Ni jambo dogo ambalo linabadilisha mwenendo wa kila mtu: wananchi wanajua kilichosemwa badala ya kusikia uvumi, na viongozi wanajua kwamba kilichosemwa kimehifadhiwa. Kama kijiji kina kundi la WhatsApp, wekeni picha ya ukurasa wenyewe pamoja na tarehe ya kikao. Ujumbe unaosema "mbunge kasema hela zimetoka" bila tarehe wala chanzo usisambazwe, kwa sababu nimeshuhudia mtendaji akifukuzwa kwa mawe kwa fedha ambazo hazikuwa zimeingia.

Hatua ya saba: Fedha zikifika, zifuateni hadi kwenye ukuta

Siku fedha zinapoingia katika akaunti, kiasi na tarehe vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji na wa mradi wenyewe. Kamati ya ujenzi na kamati ya mapokezi ziundwe kwa uwazi, na wasichaguliwe ndugu wa mtu mmoja. Mjumbe wa mapokezi asitie saini ya bati kabla ya kuzihesabu moja moja na kuangalia geji. Naisisitiza sehemu hii kwa sababu niliwahi kuona hati ya mapokezi iliyosainiwa jioni, chini ya taa ya simu, kwa bati ambazo asubuhi zilikutwa pungufu na nyembamba kuliko zilizoandikwa. Walioulizwa baadaye walikuwa wajumbe maskini waliosaini, si aliyezileta.

Michango ya wananchi itolewe stakabadhi, kila senti. Fedha zinazolipwa serikalini zina namba ya malipo au risiti ya mashine. Aliyepokea kwa daftari la mkononi bila risiti arudishwe akafuate utaratibu. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kila Mkutano Mkuu wa miezi mitatu, na wananchi waruhusiwe kuuliza mpaka waridhike.

Ofisi ikikataa kutoa taarifa, itumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016. Raia anaandika ombi akieleza taarifa anayoitaka, na ofisi husika inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Hamna haja ya maneno makali katika barua hiyo. Inatosha kuandika: "Kwa kuzingatia sheria hii, naomba kupatiwa nakala ya mchanganuo wa fedha za ukamilishaji wa zahanati ya kijiji chetu, pamoja na tarehe ya kila malipo." Nakala ya barua hiyo nayo igongwe mhuri.

Kuhusu jalada

Viongozi wa vijiji huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi wa mwisho wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Watendaji nao wanahamishwa. Katika makabidhiano, vitu vinavyokumbukwa ni mhuri, bendera na viti. Mihtasari inaachwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake umeondoka na mtu. Mwenyekiti mpya anaanza upya jambo ambalo mtangulizi wake alilifikisha hadi bungeni. Kwa hiyo kila jambo kubwa liwe na jalada lake, lenye karatasi zilizofungwa kwa mpangilio wa tarehe: muhtasari wa kijiji, makadirio ya fundi, muhtasari wa kata, nakala ya barua yenye mhuri, ukurasa wa Hansadi, hati za mapokezi, picha za kabla na baada. Jalada hilo litajwe kwa jina katika hati ya makabidhiano na lisainiwe na anayelipokea.

Kijiji chenye lile boma la mibarika kilipata bati kutoka Mfuko wa Jimbo, na fedha za kumalizia zikaja kupitia halmashauri katika mwaka wa fedha uliofuata. Nilipopita baada ya jengo kufunguliwa, Mtendaji alinionyesha jalada lile likiwa na karatasi mpya juu kabisa, ya ukurasa mmoja, yenye mambo manne ambayo bado: nyumba ya mtumishi, kichomea taka, tanki la maji ya mvua na umeme katika chumba cha kujifungulia. Kila moja lilikuwa na kipimo chake, na agenda ya Septemba ilikuwa imeshaandikwa.